Tusiache kueleza habari za Mshtarii

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi waandishi wa sayansi waendelee kutueleza safari ya Juno, chombo cha anga cha Marekani kilichorushwa mwaka 2011 na kufika sayari ya Mshtarii (Jupita) mwaka 2016, kwa kuwa maswali ya wasomaji hayakuishia siku ya kuwasili. Kamera yake iliwekwa hasa kwa ajili ya umma: picha ghafi hutolewa bure, na mtu yeyote anaweza kuzichakata na kuonyesha vimbunga vinavyoizunguka ncha ya sayari hiyo isiyo na ardhi ngumu ya kukanyaga. Huo, kwa maoni yangu, ni ukarimu adimu. Tuelezwe pia kwa nini mitambo yake imefungiwa ndani ya kasha la metali ya titani, maana mionzi ya huko ingeiharibu mapema.

Msomaji wako