Mwanangu, kabla hujasema imekufa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili. Umeandika kwamba jioni nne mfululizo umekaa na sanduku langu la redio ukizivizia setilaiti, antena umeifunga nje kama nilivyokuelekeza, kompyuta umeiwasha, na hujaambulia kitu ila mvumo. Jioni ya tatu skrini ilichafuka katikati kwa dakika kama kumi, ukahisi ni chaja ya simu, ukaichomoa. Mwishoni ukamalizia: "Mama, nadhani hivi vitu vyako vimekufa."

Nilicheka, lakini nilikuwa najicheka mwenyewe.

Nianze na kosa langu. Ndani ya kifuniko cha sanduku kuna karatasi ya njano yenye namba tatu kwa wino mwekundu: 137.100, 137.620 na 137.9125. Hayo ni masafa, kwa megahezi, ya NOAA 19, NOAA 15 na NOAA 18, setilaiti za Marekani za hali ya hewa. Nilipokuwa nakufungia sanduku sikukumbuka kuibandua. Zote tatu zilizimwa mwaka 2025: NOAA 18 mwezi Juni, hizo nyingine mwezi Agosti. NOAA 15 ilirushwa Mei 1998, ikafanya kazi miaka 27. Kwa hiyo kwa hizo umesema kweli, zimekufa, na mimi nimekutuma ukabishe hodi kwenye nyumba isiyo na watu. Nisamehe.

Nimezililia kidogo, sikufichi. Picha zake zilikuwa sauti tupu: mlio mmoja wa hezi 2400 unaopanda na kushuka nguvu kufuatana na weupe wa mawingu na weusi wa bahari, mistari miwili kila sekunde. Masikioni ilikuwa tiki-taka, tiki-taka, kama saa ya ukutani yenye filimbi ndani. Ulikuwa na miaka saba nilipokupa antena uishike juu huku mimi nikiangalia kompyuta. Setilaiti ilipofika katikati ya anga mkono ukakuchoka, ukaushusha, ndiyo maana picha yetu ya kwanza ina mkanda mpana wa chenga kiunoni. Ninayo mpaka leo, na sijawahi kuipenda picha safi kuliko hiyo.

Lakini hilo neno "imekufa" mimi naliogopa, na nataka nikueleze kwa nini.

Mwaka 2000 NASA, shirika la anga la Marekani, ilirusha setilaiti iitwayo IMAGE ichunguze uga wa sumaku unaoizunguka Dunia. Desemba 2005 ikanyamaza. Wakajaribu kuiita, wapi. Mwaka 2007 ilikuwa ipite kwenye kivuli cha Dunia, wakatumaini kukosa jua kutaifanya ijizime na kujiwasha upya. Kimya. Ikahesabiwa imekufa, faili likafungwa. Januari 2018 Mkanada mmoja, Scott Tilley, mtu anayesikiliza setilaiti kwa mapenzi yake tu, alikuwa akiitafuta Zuma, setilaiti ya siri ya Marekani iliyokuwa imerushwa mwezi huohuo. Zuma hakuipata. Akakutana na mawimbi ya chombo kingine ambacho hakukitarajia, akapima jinsi masafa yake yalivyokuwa yakisogea, akalinganisha na orodha ya obiti, yaani njia za kuizunguka Dunia, zinazojulikana, jina likajitokeza: IMAGE. Kabla mwezi haujaisha NASA ikathibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

Hapo kwenye kupima kusogea kwa masafa ndipo penye utamu wa shughuli yetu. Unajua honi ya gari linalokuja ina sauti nyembamba, na likishakupita inazama kuwa nzito. Setilaiti nayo ni vivyo hivyo: ikija kwako masafa yanakuwa juu kidogo, ikikupa mgongo yanashuka. Ukichora mshuko ule dakika kwa dakika unapata mkunjo, na kila obiti ina mkunjo wake kama kila mtu alivyo na mwandiko wake. Huhitaji hata kuelewa chombo kinasema nini ili ujue ni nani anayesema.

Sipendi kisa cha IMAGE kinaposimuliwa kana kwamba wataalamu walikuwa wazembe. Antena kubwa zina foleni ya vyombo vilivyo hai vinavyosubiri zamu; huwezi kukaa nazo miaka 12 ukisikiliza kaburi. Mtu wa nyumbani ana kitu wasichokuwa nacho wao, yaani muda wa kusikiliza mahali ambapo hakuna sababu ya kusikiliza.

Mimi mwenyewe nimewahi kuiua setilaiti nzima kwa mdomo. Wiki tatu nilikuwa naivizia Meteor ya Urusi, siipati. Nikapima antena kwa kutafuta stesheni za FM, zikaingia safi kabisa, nikasema basi, antena nzima, mbovu ni setilaiti. Nikawaandikia wenzangu watatu kuwapa habari ya msiba. Mmoja akanijibu kwa kunitumia picha aliyoipokea asubuhi ile ile. Nilipofungua plagi ya kebo yangu nilikuta waya wa kati umeachia lehemu. Nafasi iliyobaki kati yake na pini haikuzidi unene wa unywele. Stesheni za FM zina nguvu kiasi kwamba zinapenya hata kwenye kebo iliyokatika. Setilaiti iliyo umbali wa kilomita mia nane na ushee haina ubavu huo. Tangu siku hiyo kipimo changu ni kimoja: naangalia skrini, kisha nachomoa antena. Mvumo usiposhuka hata kidogo, najua hapakuwa na antena tangu mwanzo, ila kijiti cha mapambo. Nawe anza na hilo.

Uliniuliza mwaka jana kwa nini nazifuata sayari wakati kwa antena hii siwezi kuzisikia. Kweli siwezi. Voyager 1, chombo cha NASA kilichokwisha kuzipita sayari zote, kilichorushwa Septemba 1977, ina redio ya wati kama 23, na mawimbi yake yanachukua zaidi ya saa 22 kufika hapa. Wanaoisikia kila siku wana masinia, yaani antena za umbo la bakuli, ya hadi mita 70 upana, yaliyoko Goldstone huko California, karibu na Madrid, na karibu na Canberra, ili Dunia ikizunguka asikosekane wa kusikiliza. Ila Desemba 2024 kundi la watu wa kujitolea huko Uholanzi waliinasa Voyager 1 kwa sinia la mita 25 la Dwingeloo, la mwaka 1956, ambalo halikujengwa kwa masafa hayo. Nilipoona ule mstari mwembamba kwenye mchoro wao nilisimama nikazunguka kiti.

Sisi wengine tunafuata kwa macho. Picha za Curiosity na Perseverance, vigari vya NASA visivyo na dereva, kutoka Mirihi huwekwa kwenye intaneti zikiwa ghafi, hazijapambwa, na yeyote anaweza kuzichukua akaziunga. Lakini nikwambie kinachonishika hasa. Ni siku ambazo chombo kinanyamaza, na watu wanalazimika kuamua kimya hicho maana yake nini.

Chukua Venera 7. Desemba 15, 1970, chombo hicho cha Wasovieti kilishuka kwenye Zuhura. Parachuti ikaharibika, kikaporomoka, kikajipiga chini, mawimbi yakakatika. Waliokuwa wakisikiliza wakaona basi, mwisho wake ndio huo. Baadaye wakarudia kanda zilizorekodiwa, wakazichambua taratibu, na ndani ya mvumo wakakuta mawimbi dhaifu mno, kama asilimia moja tu ya nguvu ya awali, yanaendelea kwa dakika 23 baada ya kile walichodhani ni kifo. Inaelekea chombo kilikuwa kimelala ubavu na antena yake haikutazama Dunia. Kilikuwa kinasoma joto la nyuzi 475 na kulituma nyumbani, na nyumbani walikuwa wameshakata tamaa. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza kupata kutumwa kutoka juu ya uso wa sayari nyingine, nayo ilisikiwa kwenye kanda tu.

Sasa Voyager 2, pacha wa ile Voyager 1. Julai 2023 wanaoiongoza wenyewe waliitumia amri yenye kosa, ikageuza antena yake nyuzi mbili tu pembeni ya Dunia. Nyuzi mbili! Nyosha mkono wako, upana wa kidole gumba ndio huo. Mawasiliano yakakatika. Sinia la Canberra likapiga ukelele kwa nguvu zake zote, wakasubiri saa 37 amri iende na jibu lirudi, na Agosti 4 ikajibu. Chombo hakikuwa na kosa lolote, kilifanya kilichoambiwa. Nduguye, Voyager 1, alikuja kuwa na ugonjwa wa kweli Novemba mwaka huohuo, akawa anatuma maneno yasiyo na maana kwa miezi. Waligundua chipu moja ya kumbukumbu imeharibika, wakaikata programu vipande vipande na kuvihamishia kwenye nafasi zilizobaki, kwa mashine ya miaka ya sabini ambayo hakuna anayeweza kuigusa. Aprili 2024 akazungumza tena vizuri.

Usidhani kwangu mimi hakuna kinachokufa. Opportunity, kigari kingine cha NASA, ilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi ya siku 90, ikatembea zaidi ya miaka 14 na zaidi ya kilomita 45. Juni 2018 tufani ya vumbi ilifunika anga, paneli zake zikakosa jua, na tarehe 10 mwezi huo ikasikika kwa mara ya mwisho. Waliita. Wakangoja msimu wa upepo, huenda ungepangusa vumbi kwenye paneli. Waliitumia amri zaidi ya elfu moja, na Februari 13, 2019 ndipo wakatangaza kwamba kazi imekwisha. Hapo nakubali neno lako, kwa sababu walilifikia kwa miguu.

Haya, turudi kwenye ile jioni yako ya tatu.

Tazama namba ya mwisho kwenye karatasi yangu: 137.9125. Setilaiti ya Meteor-M N2-3, iliyorushwa Juni 2023, hutuma picha zake kwenye 137.900. Ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Picha zake ni za kidijitali, hazina tiki-taka. Ukizisikiliza kwa sikio ni mvumo mtupu, huwezi kuutofautisha na mvumo wa siku zote. Skrini ndiyo inayozitoa siri: badala ya mstari mwembamba unaona tandiko pana, lenye kingo mbili zilizonyooka kama mkeka, linachomoza polepole, linakolea setilaiti inapopanda, kisha linafifia inapozama upande wa pili. Kwa kawaida hukaa dakika kumi, zikizidi sana kumi na tano. Chaja ya simu haina adabu hiyo. Chaja hutoa vijistari vingi vilivyopangana, huwa vipo tu, na ukiichomoa vinatoweka papo hapo. Wewe umeandika uliichomoa na skrini ikaendelea kuchafuka "kidogo kidogo mpaka ikaisha." Nimeusoma mstari huo tena na tena.

Najua ulirekodi, maana wewe tangu utoto hutupi kitu. Swali ni ulirekodi nini. Kama ni sauti peke yake, imetupita, tutangoja nyingine. Kama ulibonyeza kile kitufe cha pili, cha mawimbi ghafi, faili litakuwa kubwa mno na umeshaanza kulilalamikia kwamba limejaza diski. Usilifute. Usilikate, usilisafishe, usilifungue kwa programu ya muziki. Nitumie lilivyo, na uniandikie saa uliyoanza kurekodi kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, si saa ya ukutani. Nikiwa na saa hiyo nitajua ndani ya dakika moja ni nani aliyepita juu ya paa lako. Usijali kama antena ilikuwa imeinama. Hata mistari mia mbili ya mawingu na chenga zilizobaki inanitosha.

Karatasi ya njano ibandue. Na chaja irudishe ukutani, haina hatia.

Mama yako