Dawa za mitishamba za vidonda zipimwe, na zianze kupimwa hapa Mombasa

Kwa Mhariri,

Ukishuka feri Likoni ukapanda hadi Mwembe Tayari, au ukizunguka soko la Kongowea, utakuta meza za dawa za mitishamba: unga wa mwarobaini, magome yaliyofungwa kwa kamba, mafuta ya habasoda, majani makavu ambayo ni muuzaji peke yake anayejua yamechumwa wapi. Nyingi zinaahidi kuponya vidonda. Kidonda cha moto, cha upasuaji, cha mgonjwa wa sukari, donda ndugu, vyote kwa chupa moja. Mimi ni muuguzi na kazi yangu ni kusafisha na kufunga vidonda. Naandika kuomba dawa hizi zifanyiwe majaribio ya haki kwa binadamu, hapa hapa Pwani, na majaribio hayo yaanze na vidonda kabla ya maradhi mengine yoyote.

Kwa nini vidonda? Kwa sababu kidonda kinaonekana kwa macho. Unakipima kwa rula, unakipiga picha, unachora mipaka yake juu ya karatasi ya plastiki na kuona wiki hii kimepungua kiasi gani. Siku kinapofunga, mgonjwa anajua, mama yake anajua, na mimi najua. Ni maradhi machache ambayo ukweli wake unapatikana kwa gharama ndogo namna hii. Ndiyo maana inaniuma kuona tumebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu mwarobaini, huyu akiapa kwamba unaponya na yule akisema ni ushirikina, na hakuna aliyeshika rula.

Ushuhuda peke yake hautoshi, hata ukitoka kwa mtu mkweli kabisa. Vidonda vingi hupona vyenyewe. Damu huganda, pakavimba na kupata joto siku chache mwili ukijisafisha, nyama changa nyekundu ikajaa, ngozi ikatambaa kutoka kingoni, kisha kovu likaendelea kukazana kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi. Mwili utaifanya kazi hiyo umepaka kitu au hukupaka. Aliyepaka majani ya mpera akapona anasema kweli kwamba alipaka na kwamba alipona. Asichoweza kujua ni kama angechelewa bila majani hayo, au kama angewahi.

Angewahi, ndiyo. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 21 ambao majeraha yao ya upasuaji wa tumbo yalikuwa na matatizo ya kupona. Waliotunzwa kwa njia ya kawaida walipona kwa wastani wa siku 53. Waliotunzwa hivyo hivyo na kuongezewa jeli ya mshubiri walichukua siku 83. Mwaka 2012 wachunguzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya pande zote na kuyachuja, walipata majaribio saba tu ya mshubiri kwa vidonda, jumla ya watu 347, na wakasema ushahidi wenye ubora haupo. Siutaji mshubiri ili kuudharau, kwetu upo uani. Nautaja kwa sababu ndio mmea ambao kila mtu anadhani ulishathibitishwa zamani.

Asali nayo imesimama vizuri zaidi. Uchambuzi wa Cochrane wa 2015 ulionyesha kwamba kidonda cha moto kisichozama sana hupona mapema kwa asali kuliko kwa bendeji za kawaida, kwa tofauti ya siku nne au tano hivi, na kwamba majeraha ya upasuaji yaliyoingia uchafu nayo hunufaika. Sababu zake zinajulikana: sukari nyingi hunyonya maji, uchachu wake huwatesa bakteria, na kimeng'enya kilichomo hutoa hidrojeni peroksaidi kidogo kidogo. Lakini kwa vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari, ambavyo ndivyo vinavyotutoa machozi sisi na ndugu zao, ushahidi haukutosha kusema lolote. Na asali ya hospitali huwa imepigwa miale ya gama kuua mbegu za vijidudu, maana asali ya mzinga inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya botulini. Asali ya chupa ya soda kutoka barabarani ni jambo jingine.

Najua vyuo vyetu havijalala. Tafiti za mimea ya Kenya zimefanywa nyingi. Ila nyingi huishia kwenye sahani ya maabara au kwa panya. Kwenye sahani, dawa inawekwa juu ya bakteria na duara la waliokufa linapimwa. Hiyo haikwambii kama dawa hiyo hiyo haiui chembe changa zinazojenga ngozi. Mara nyingi pia jani hulowekwa kwenye methanoli, spiriti ya maabara, ilhali bibi wa Kisauni analichemsha kwa maji, kwa hiyo kilichopimwa sicho kinachopakwa. Panya naye ana ngozi iliyolegea na msuli mwembamba chini yake, hivyo kidonda chake hufunga zaidi kwa kujivuta. Chetu hutegemea sana kujaza nyama mpya. Dawa iliyomfaa panya imepata ruhusa ya kuendelea mbele, basi. Mbele ndiko hatufiki.

Nina pendekezo. Kila anayefanya kazi kwenye chumba cha vidonda mjini humu anaijua alama ya bomba la moshi la pikipiki: shavu la mguu wa kulia, upande wa ndani, umbo la yai. Abiria ameshukia upande wa kulia, dera limepanda kidogo, ngozi imegusa chuma cha moto. Wengi hufika wakiwa wameshapaka dawa ya meno, unga au ute wa yai, na kazi ya kwanza huwa ni kuviondoa. Vidonda hivi vinafanana chanzo, mahali na mara nyingi hata kina, na huwapata zaidi vijana wenye afya. Kwa jaribio ni vidonda vinavyofaa sana. Achague mtu dawa moja tu, si kumi, inayotumika kweli na inayotengenezwa vilevile anavyoitengeneza mganga. Mmea utambuliwe na wataalamu na sampuli yake ihifadhiwe kwenye hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa, ili kesho tusibishane ulikuwa mti gani. Wagonjwa waelezwe kwa Kiswahili chepesi na wakubali wenyewe. Kura iamue nani apate dawa hiyo na nani apate bendeji ya kawaida, na anayepima picha asijue ipi ni ya nani. Wahesabiwe wote, hata wale ambao dawa iliwawasha ngozi wakaiacha.

Hatuanzi kutoka sufuri. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoundwa mwaka 1979, ina kituo cha dawa za jadi kule Nairobi. Kilifi hapo jirani kuna kituo cha utafiti kilichoanza 1989 na kilichoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Wapwani wenzetu wanajua fomu ya ridhaa ni nini, na wauguzi wa kukusanya takwimu tupo. Pwani yetu ikiweza kupima chanjo, haitashindwa na mguu uliochomwa na pikipiki.

Waganga nao wana hofu, na hofu yao ina msingi. Mzee aliyerithi dawa kwa babu yake, pengine aliyeijulia kwenye kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, anaogopa kwamba akishaonyesha jani, kesho ataliona dukani likiwa na jina la mwingine. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni ipo kwa ajili yake, lakini sijakutana na mganga aliyewahi kusomewa. Mkataba utangulie jani. Jina lake liandikwe kwenye ripoti, na mgao wake uwe wa maandishi kabla hata ya chungu kuinjikwa. Ng'ambo ya mlango wa bahari wa Msumbiji, huko Madagaska, mwanasayansi Albert Rakoto Ratsimamanga alianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1957, na mmea wa Centella asiatica, ambao Wamalagasi waliutumia kwa vidonda, ulichunguzwa hadi ukawa marhamu inayouzwa maduka ya dawa ya nje. Hiyo ni Afrika, tena ni majirani zetu.

Kuna na jambo la kilichomo chupani. Mwaka 1999 madaktari wa London walipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina zilizokuwa zikitumiwa na wagonjwa wa ngozi, wakakuta 8 kati yake zimetiwa deksamethasoni, ambayo ni steroidi, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe. Steroidi hutuliza mwasho haraka, na mtu husifu mitishamba. Ikiwekwa juu ya kidonda hukichelewesha kupona. Sisemi wauzaji wetu hufanya hivyo. Nasema mnunuzi wa Mombasa leo hana njia ya kujua, na muuzaji mwaminifu hana njia ya kujitofautisha na tapeli.

Majaribio yatachukua muda, na vidonda havingoji. Mpaka hapo, naomba wasomaji wako wasipake udongo wala kinyesi cha mnyama kwenye jeraha, maana mbegu za pepopunda huishi humo, na aliyechomwa na msumari au kukatwa na bati aende akaulizie sindano. Aliyeungua amwagie maji safi ya baridi kama dakika ishirini kabla ya kufikiria dawa yoyote. Mwenye sukari akiona kidonda mguuni, hata kidogo kama punje, aje siku hiyo hiyo. Na akija na dawa yake ya mitishamba aitoe mfukoni atuonyeshe, asiifiche. Wauguzi wenzangu nao wamsikilize bila kumfokea, kwa sababu anayefokewa harudi.

Kwa Idara ya Afya ya Kaunti, Bodi ya Dawa na Sumu na vyuo vikuu vya Pwani: Sheria ya Afya ya 2017 imeitambua tiba ya jadi, na imeshakaa vitabuni vya kutosha. Iteni waganga, wauguzi na watafiti kwenye meza moja, chagueni dawa ya kwanza ya kidonda, na mtangaze hadharani ni ipi na jaribio linaanza lini. Matokeo yachapishwe kwa Kiswahili pia, yawe mazuri au mabaya kwa dawa hiyo.

Muuguzi wa vidonda,
Kisauni, Mombasa