Usirudi kwa mashua, mwanangu

Assalamu alaikum mwanangu,

Nakupigia toka jana magharibi hushiki, nikaona afadhali nikuandikie utasoma ukiamka, na usome mpaka mwisho, si kama zile voisi zangu unazosikiliza nusu ukazima. Nimeona picha uliyoweka stetasi, mashua imelala mchangani hapo Nungwi, na chini umeandika ati Jumapili wavuka nayo mpaka Pangani na wenzako uliowapata huko huko, kisha ushike basi Tanga uje nyumbani Mombasa. Mwanangu, usipande hiyo mashua. Hilo ndilo nililokujia nalo.

Si kwamba raha yako inanikera. Pumzika, wallahi umestahili, mwaka mzima unakesha wodini na ukija hapa nyumbani unalala umeshika simu. Umejilipia nauli, umejilipia chumba, hukumwomba babako hata ya soda, na hilo nalisema kwa watu bila kuona haya. Ila kuondoka kimya kimya peke yako, mie mamako nikajua uko Unguja kwa kuona bakuli la urojo kwenye simu, hilo limeniuma na bado halijaniisha. Jirani wa chini aliniuliza ameenda na nani, nikamwambia yuko na wenzake wa kazini. Ndivyo nilivyomwambia, basi, ukirudi akikuuliza usinigeuke.

Sasa nisikilize. Huku upepo wa kusi umeshika. Juzi nimeanika mashuka darini, nikashuka kuangalia chungu, kurudi moja liko juu ya waya wa stima na jingine limeletwa na watoto wa chuoni, limeokotwa kule mbele ya msikiti. Na hapa tuko katikati ya majumba! Najua utaniambia mbona huku bahari imetulia mama, maji kama kioo. Imetulia kwa sababu hapo ulipo, Kendwa na upande huo wa Nungwi, kisiwa chenyewe kimekukingia upepo. Kusi linapiga upande wa pili, Paje na Jambiani. Mashua ikitoka tu kwenye ile kinga ndipo mtaujua mwezi wa saba, na mkielekea Pangani mawimbi hayaji mbele mkayaona, yanakuja kwa nyuma na ubavuni. Hayo si yangu, ni ya babako. Hajasema kwamba ana wasiwasi, lakini leo ameshapanda darini mara sijui ngapi kuangalia minazi inavyokwenda, na alfajiri nimemkuta ameshika simu yako ya zamani anatafuta habari za upepo.

Yeye anasema mashua yenyewe haina neno, Nungwi ndiko wanakoziunda na mafundi wake wanaijua kazi. Tabu ni nani anayepanda na wangapi. Na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana hao wenzako hamjuani, kila mmoja ataleta begi lake na rafiki yake, na nahodha akiona hela hamkatai mtu.

Ya feri ya Mtongwe hapa Mombasa waijua, nimekuchosha nayo tangu mdogo, sirudii. Lakini fikiria hili moja tu. Tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa maji, na pale ni mkono wa bahari, aliye ng'ambo ile unamwona kanzu yake rangi gani. Hapakuwa na dhoruba. Feri ya watu 300 wakapanda zaidi ya 400. Na hapo hapo unapoogelea, mkondo wa Nungwi, ndipo ilipozama MV Spice Islander usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, nayo ilijazwa vilevile watu na mizigo, meli ya chuma hiyo, waliopona wengine walipona kwa kushikilia magodoro baharini mpaka kukacha. Mie nilikuwa nasikiliza redio siku ile na sikupika. Huko ukimwuliza mtu mzima yeyote atakwambia alimpoteza nani, usiende kwa hao vijana wa ufukweni wanaokwambia hakuna matata.

Utanijibu, nakujua, mama hata boti za Dar zilizama. Ndio. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe 18 Julai 2012, mwezi huu huu wa saba, ikitoka Dar. Ndiyo maana nasema ndege. Ukipata ya kuja huku moja kwa moja panda, ukikosa pitia Nairobi. Na kama bei imekushinda niambie tu usione haya, zamu yangu ya pesa za chama imefika mwezi huu, nilitaka kubadilisha tangi la maji lakini tangi lingoje. Kama ndege hutaki kabisa basi shuka mjini ushike boti kubwa la asubuhi pale bandarini Malindi, la asubuhi nimesema, maana kusi asubuhi huwa limepoa kidogo na jua likipanda linaamka. Ukifika Dar upande basi uje kwa mpaka wa Horohoro, na kadi yako ya homa ya manjano iwe mkononi, si chini ya sanduku uanze kupekua mbele za watu Lunga Lunga.

Na usiniambie sasa unajua kuogelea. Nimeona hizo video, masha Allah, umejifunza vizuri, lakini lile bwawa la Nairobi lina ukingo kila upande na maji yake hayaendi popote. Kaka zako walishinda majini pale nyuma ya Fort Jesus mpaka macho yakawa mekundu, wewe uliitwa ndani uje ukune nazi. Yashapita hayo. Ila nikilala ndiyo yanayonijia, naona kama wangekuwa wao kwenye hiyo mashua ningelala kidogo.

Kama hutanisikia, na kwa ubishi wewe ni babako mtupu, basi hesabu vichwa kabla hujapanda, na laifujaketi uivae mwilini toka pwani, si kuikalia, uulize kama injini ina ya pili, na msitoke baada ya adhuhuri, na simu uifunge... La, hapana. Nikikupa hayo utaona nimekubali. Sijakubali. Usipande.

Siku hizi mbili tatu zilizobaki kaa ule, ulale. Maji yakipwa toka utembee ila vaa champali, kuna wale weusi wa miba na ukikanyaga mmoja likizo imekwisha. Nenda Jozani ukaone kima punju, asili yake ni hapo Unguja tu, hata sisi huku hatuna. Urojo ule mchana, usile wa usiku wa mwisho kisha ukasafiri na tumbo. Na ukishafika mjini pita Darajani unichukulie mdalasini na iliki, ya hapa siku hizi imekauka haina harufu. Karafuu chukua vile vipakiti vya madukani tu, mtu wa njiani akikuletea za gunia bei rahisi mkatae, kule karafuu ina sheria zake na sitaki kusikia umezuiliwa.

Hapa nyumbani ni vilevile. Mfereji haujatoa maji toka Jumanne, nanunua kwa mkokoteni, na tangi likijazwa linavuja kwa chini kwenye ile kona uliyoiziba na sabuni. Harusi ya binti ya mjombako imesogezwa mbele, sare ni leso ya zambarau, yako nimeshakukatia na usiniletee habari ya rangi. Babako sukari imepanda, hataki kupima, ananiambia nimekula nini mie, na chini ya mto wake nimekuta makaratasi ya halua. Wewe ndiwe anayekuogopa, ukimpigia mwambie kwa ukali wako wa wodini, lakini usimwambie ni mie niliyesema. Na ukizungumza naye mwambie mwenyewe kwamba umeachana na mashua, atajifanya hakuwa na habari, nawe jifanye hivyo hivyo.

Wenzako waage kwa wema, waambie mamangu kakataa, niwekee mie lawama yote, wala haitaniuma.

Fundi wa tangi anakuja kesho asubuhi na anataka nusu ya hela kabla hajashika kazi. Kwa hivyo nijibu usiku huu, hata neno moja, nijue namlipa yeye au nakutumia wewe ya tiketi.

Mamako