Barua ya wazi kwa vijana wanaotafuta kazi kwa simu

Wanangu, marahaba.

Nawaandikia nikiwa na hasira. Wiki hii binti wa jirani yangu, mwenye stashahada ya uhasibu, ametapeliwa shilingi 45,000. Aliletewa ujumbe wa WhatsApp: hongera, umechaguliwa kuwa karani wa ghala, tuma hela ya sare na kitambulisho kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Mama yake akakopa kwenye kikoba. Kabla binti hajaweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, la kike, ilhali aliyekuwa akiongea naye ni mwanamume. Alipouliza akajibiwa, "Huyo ni mhasibu wetu." Akatuma. Tangu hapo namba haipatikani.

Jamani! Jina lilikuwa mbele ya macho yake. Kampuni gani inakusanya fedha kwenye laini ya mtu binafsi? Mwajiri ndiye anayekulipa wewe. Hela ya fomu, ya sare, ya kupima afya, ya "kusukuma faili", ukiombwa kabla ya kazi, ujue unaibiwa. Na msiwape matapeli laini za kuibia. Wakala wa barabarani akikwambia kidole hakijasoma, ubonyeze tena, huenda anasajili laini ya pili kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda 15040.

Mengine nayataja tu. Msibadili laini kila mkiona ofa mpya. Mwajiri atawapigia kwenye ile mliyoandika. Barua pepe iwe na jina lako la kwenye cheti. Wasifu uwe PDF, siyo picha iliyopigwa juu ya shuka. Namba ngeni ikipiga, salimu, usianze na "nani mwenzangu?"

Nafasi nyingi za serikali hutangazwa kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na kuomba ni bure. Jisajili mwenyewe, nywila usimwachie kijana wa steshenari. Ukiitwa kwenye usaili, soma tangazo mpaka mwisho. Wanataka vyeti halisi. Hati ya matokeo ya kidato cha nne hawaipokei, na nauli na malazi ni juu yako. Wapo wanaosafiri usiku kucha na kurudishwa mlangoni kwa sababu hawakusoma.

Lakini wazazi wenzangu, nani aliwafundisha watoto hawa kwamba bila kutoa kitu hupati kazi? Ni sisi, sebuleni kwetu, wakitusikiliza. Na ninyi waajiri, mtu anaomba, miezi inapita, hata ujumbe mmoja wa kumwambia amekosa hamtumi. Aliyenyamaziwa hivyo, siku akiandikiwa "hongera" moyo wake hauna nafasi ya kukagua majina.

Binti yangu, usione haya, na usijifungie ndani. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako leo hii uwaeleze muamala ule, kisha nenda polisi ukafungue jalada, upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Ujumbe wao usiufute. Jumatatu njoo nyumbani na vyeti vyako, tukae tujaze akaunti yako ya Ajira Portal. Bando nitaweka mimi.