Ami, ile namba ndogo haijamaliza maneno

Ami yangu,

Assalamu alaykum. Jina lako silitaji. Juzi dakani ulitoa karatasi ya maabara ya kipimo cha damu cha tezi dume, ukanipa kama mtu anayeonyesha hati ya shamba. "PSA 1.2. Mwisho 4. Kwisha!" Nikafurahi nawe, kahawa ikanywewa. Usiku usingizi ukanipaa. Naandika hapa kwa sababu ana kwa ana ningeona haya, na wazee wenye karatasi kama hiyo hapa Amu si wewe peke yako.

PSA, protini inayopimwa kwenye damu, hutoka kwenye chembe zinazotengeneza maji ya tezi dume. Saratani nyingi za tezi, zaidi ya 90 katika kila 100, huanzia hapo, ndiyo maana kipimo kinasaidia. Lakini tezi ina misuli na nyuzi pia. Saratani ikianzia huko, yaani sarkoma, ni nadra, haifiki hata 1 katika 100 ya saratani za tezi, ila kwa kawaida haipandishi PSA. Uvimbe wake unaweza kufika ukubwa wa danzi, na kipimo cha damu kikae kimya. Nawe umewekwa mpira wa mkojo mara mbili tangu Maulidi! Huenda ni tezi kuvimba tu kwa umri, na ndilo ninaloomba. Lakini altrasaundi ya tumboni ilisema kuna uvimbe mkubwa, na hilo karatasi ya damu haiwezi kulifuta.

Daktari wa mkojo akitaka kukupima kwa kidole, usimkimbie. Kisha MRI, kipimo cha picha. Haina miale ya eksirei, ni sumaku. Utalala kimya ndani ya bomba, kelele utadhani mafundi wanagonga jahazi, lakini watakuziba masikio. Saratani ya kawaida mara nyingi huonekana kama doa jeusi pembeni mwa tezi, penye weupe. Sarkoma huja kama bonge, weusi na weupe umechanganyika, limesukuma kibofu.

Hata hivyo picha haimpi uvimbe jina. Jina hutoka kwenye kinyama kinachochukuliwa kwa sindano na kusomwa kwa darubini, pamoja na rangi maalumu. Hapa ndipo nitakapokuwa mkaidi: fomu ya maabara iandikwe wazi kwamba uvimbe ni mkubwa na PSA iko chini, ili msomaji asitafute kile kilichozoeleka tu.

Nauli ya Mombasa ninayo. Jumatatu tuvuke Mokowe mapema. Beba karatasi zote, hata ile iliyomwagikiwa kahawa. Pete ya akiki iache nyumbani, kwa ajili ya ile sumaku.