Kiti cha kazini na fimbo ya gofu: barua kwa sahibu yangu

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi na pole kwa majukumu. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale unaponieleza kwamba mashimo tisa ya kwanza unayacheza kwa raha, lakini ukishavuka shimo la kumi na mbili mipira huanza kukimbilia kulia, na kwamba siku inayofuata huinuki kitandani pasipo kujishika kiuno. Umeniambia pia kuwa umeazimia kuamka kabla ya alfajiri siku tano kwa wiki ili upate saa nzima ya jimu kabla ya vikao vyako kuanza. Azma hiyo naiheshimu, ila naomba uniruhusu niipinge, kwa maana naijua kazi yako, na tabia yako ya kuanza jambo kwa kishindo naijua vilevile, wala siuoni mpango huo ukisalimika katika majuma ya kufunga hesabu za mwaka.

Lawama zote za kiuno umeitupia gofu. Mimi nadhani kiti chako cha kazini kinastahili sehemu kubwa ya lawama hizo, na nitakueleza kwa nini. Mchezaji anapoipeleka fimbo nyuma, mabega yake hutakiwa kugeuka takribani nyuzi 90 huku nyonga zikigeuka kama nusu ya hapo. Mgeuko huo hutoka sehemu mbili zilizoumbwa kwa kazi hiyo, yaani nyonga zenyewe na mgongo wa juu, ule wenye pingili 12 zinazoshikana na mbavu. Pingili tano za kiunoni zina uwezo mzuri wa kukunja mgongo mbele na kuurudisha nyuma, lakini katika kuzunguka hutoa nyuzi chache tu hata zikijumlishwa zote. Sasa mtazame mtu anayekaa kutwa mbele ya kompyuta: nyonga zake zimekunjwa kwa saa nyingi mpaka misuli ya mbele imezoea ufupi, makalio yamelala bila kazi, na mgongo wa juu umejipinda kuifuata skrini. Mtu huyo akifika uwanjani Jumamosi na kuudai mwili wake ule mgeuko kamili, kile ambacho nyonga na mgongo wa juu vimekataa kukitoa kitatafutwa kiunoni. Tena kitatafutwa kwa kasi, kwa kuwa fimbo hushuka kutoka juu hadi kwenye mpira kwa kama robo ya sekunde, na kichwa cha fimbo ndefu mikononi mwa mchezaji wa kawaida hufikia kilomita 150 hivi kwa saa. Ukijumlisha mipigo ya kweli na ile ya majaribio, jambo hilo hurudiwa mara nyingi sana katika siku moja. Si ajabu kwamba kiuno ndicho kinachoongoza kwa majeraha miongoni mwa wachezaji gofu.

Usiniamini kwa maneno matupu, jipime mwenyewe. Keti kwenye ukingo wa kiti, miguu na magoti yakiwa yamebanwa pamoja, weka fimbo mbele ya kifua ukiwa umeikumbatia kwa mikono iliyopishana, kisha geuka kulia na kushoto bila kuyaruhusu magoti yasogee. Usipofika nyuzi 45, yaani katikati ya mbele na ubavuni, mgongo wako wa juu umekakamaa. Halafu, ukiwa bado umeketi na magoti yako pamoja, inua nyayo kidogo na uzitanue kwenda nje, mguu mmoja kwa wakati, ulinganishe pande mbili. Hapo unapima uwezo wa nyonga kuzungukia ndani. Kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, upande wa kushoto ndio wenye neno kubwa, kwa sababu mwisho wa mpigo mwili wote huzunguka juu ya nyonga hiyo. Kama ni ngumu, mwili utasimama kabla ya kumaliza mgeuko, na mikono itabaki kufanya kazi ambayo si yake.

Ugumu wa namna hii hauhitaji saa ya alfajiri. Unahitaji kuguswa mara nyingi kwa muda mfupi, na siku ya kazi, pamoja na wingi wake wa vikao, imejaa nafasi za namna hiyo: dakika mbili za kusubiri wenzako waingie kwenye mkutano wa mtandaoni, simu ndefu ambayo kamera imezimwa, njia ya kutoka meza moja hadi nyingine. Kila mara unapoinuka kitini, piga goti moja chini, kaza kalio la upande wa goti hilo, sogeza nyonga mbele kidogo bila kuupinda mgongo, ubaki hapo kwa nusu dakika, kisha ubadilishe upande. Ukiwa kwenye simu, keti wima na ugeuze kifua taratibu kila upande huku ukitoa pumzi. Ukisubiri lifti, simama kwa mguu mmoja. Afadhali zaidi uiache lifti upande ngazi. Mambo haya yanaonekana madogo kiasi cha kudharaulika, na ndiyo sababu wengi huyaacha, lakini wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na viungo vilivyokakamaa kwa miaka ya kukaa havina njia nyingine ya kulegezwa.

Kuhusu pumzi na miguu, nadhani hapo ndipo siri ya mashimo yako ya mwisho ilipo. Kuuzunguka uwanja wa mashimo 18 kwa miguu ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi au zaidi, na huchukua saa nne au tano. Miguu ikichoka, magoti hunyooka mapema, kifua huinuka kabla ya mpira kuguswa, na uso wa fimbo hufika ukiwa umefunguka kuelekea kulia. Wewe unaona kosa la mikono, nami nashuku uchovu wa mapaja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na uliliondoa lile sharti la zamani kwamba kila kipindi kifikie angalau dakika 10. Kwa mtu wa ratiba yako hiyo ni habari njema, kwa kuwa ngazi, mwendo wa haraka wakati wa mapumziko ya mchana na kikao cha watu wawili kinachofanywa mkitembea vyote vinahesabika. Ninachokuomba ni uache kile kigari cha uwanjani na utembee. Tena punguza mzigo: sheria za gofu zinaruhusu fimbo zisizozidi 14, hazikulazimishi kuzibeba zote, na sijaona bado mchezaji wa kiwango chetu aliyeharibikiwa kwa kubeba nane.

Mwongozo huohuo unataka pia mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki, na hapa ndipo nisipokubali mjadala. Kama katika barua hii yote utachukua jambo moja tu, lichukue hili: vipindi viwili vya nguvu, visivyozidi dakika 40 kila kimoja, ambavyo havihamishwi kwa sababu ya kikao kisicho na ajenda. Viandike kwenye kalenda ya kazi kama unavyoandika mkutano, wala huna haja ya kumweleza mtu ni mkutano wa nini. Ikiwa unacheza Jumamosi, Jumatatu na Alhamisi au Jumanne na Alhamisi zinafaa. Ijumaa haifai kabisa, kwani maumivu ya misuli iliyofanyishwa kazi ngeni hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, nawe utajikuta unapanga mpira huku mapaja yakilalamika.

Ndani ya vipindi hivyo, zoezi ninalolipa cheo cha kwanza ni la kuinamia nyonga na kuinua uzito kutoka chini. Simama miguu ikiwa sawa na upana wa nyonga, sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono imeshika vitu, mgongo ubaki umenyooka, shika uzito, kisha inuka kwa kuisukuma ardhi kwa miguu. Ukilitazama vizuri, utaona kwamba ndilo umbo lenyewe la kusimama mbele ya mpira, isipokuwa sasa lina mzigo. Huyafundisha makalio na misuli ya nyuma ya mapaja kurudi kazini, na kukipumzisha kiuno. Ongeza kupiga hatua ndefu na kushuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu, kuvuta uzito au utepe wa mpira unaovutika kuelekea kifuani, kujisukuma kutoka sakafuni kwa mikono, na kutembea ukiwa umebeba dambeli nzito mkono mmoja pasipo kuuruhusu mwili uinamie upande. Hilo la mwisho ni zuri mno kwa kiuno na kwa mshiko wa fimbo. Uzito uwe wa kukuacha na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi tu unapoacha. Ukiweza kuendelea huku unasimulia habari za ofisini, ni mwepesi. Ukishazoea kwa miezi miwili hivi, tia mazoezi machache ya kasi, kama kurusha mpira mzito ukutani kwa kugeuza nyonga, kwa sababu gofu haihitaji nguvu peke yake, inahitaji nguvu inayotoka upesi.

Najua utaniuliza kama vyuma havitakukakamaza. Imani hiyo ni ya kale, na aliyeitikisa mapema kuliko wengi ni Gary Player wa Afrika Kusini, mtu asiye mrefu, aliyeinua vyuma enzi ambazo wachezaji gofu walionywa waviepuke. Mwaka 1965 aliposhinda US Open ya gofu alikuwa mchezaji wa tatu katika historia kuwahi kutwaa mashindano yote manne makubwa ya mchezo huu, na mwaka 1978 alishinda Masters, mojawapo ya hayo manne, akiwa na umri wa miaka 42. Tena aliyafanya hayo akisafiri bara hadi bara mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo kisingizio cha safari za kikazi naona kimekwisha kujibiwa.

Yapo majuma yatakayokushinda, na ni vema uyapange tangu sasa. Katika majuma hayo punguza hadi kipindi kimoja cha nguvu, ila usipunguze uzito. Nguvu iliyokwisha kujengwa huweza kuhifadhiwa kwa kipindi kimoja kwa wiki kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Siku iliyopotea usiilipe kwa kuzidisha ya kesho. Wala usiukate usingizi, nao ndio dosari kubwa ya mpango wako wa alfajiri: mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, nawe kwa maelezo yako mwenyewe hulali kabla ya saa sita usiku.

Siku ya mchezo, nakusihi usitoke garini ukaenda moja kwa moja kwenye mpigo wa kwanza. Fika mapema kidogo, tembea kwa haraka, bembeza kila mguu mbele na nyuma, geuka fimbo ikiwa mabegani, kisha piga hewani kwa nusu ya nguvu hadi ufikie nguvu kamili. Kule kujinyoosha na kutulia kwa muda mrefu kuache hadi jioni, kwa sababu kukifanywa kabla tu ya mchezo hupunguza nguvu ya misuli kwa muda.

Shemeji akinung'unika kwamba gofu inakula Jumamosi zake, mweleze kuwa utafiti mmoja wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2009, uliowahusu wachezaji gofu wapatao 300,000, ulikuta vifo miongoni mwao ni pungufu kwa asilimia 40 kuliko vya watu wa jinsia, umri na hali ya maisha inayolingana na yao. Yeye ni mwerevu, kwa hiyo atakujibu kwamba pengine wenye afya ndio wanaocheza gofu, na hapo utakuwa huna la kusema.

Jambo moja silifanyii mzaha. Kama maumivu ya kiuno yanashuka mguuni kupita goti, au unahisi ganzi, au mguu unakuwa dhaifu, usianze lolote kati ya haya kabla ya kumwona daktari. Na hata kama hakuna dalili hizo, mwombe akupime shinikizo la damu, kwani umekaa miaka mingi bila mazoezi.

Utakaponijibu, niandikie matokeo ya vile vipimo viwili vya kwenye kiti, ukitaja upande wa kulia na wa kushoto kila mmoja peke yake, pamoja na siku mbili ambazo kalenda yako inaweza kuzitoa. Nikivipata nitakupangia majuma ya mwanzo, zoezi kwa zoezi. Ile fimbo mpya ya bei kubwa uliyoitaja, tafadhali isubiri kwanza. Msalimie sana shemeji, na watoto uwape mapenzi yangu.

Ni mimi sahibu yako wa siku zote.