Mtoto aulizwe akiwa peke yake: barua ya wazi kwa Waziri

Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,

Assalamu alaikum. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nina ombi moja: afisa ustawi wa jamii anapoingia nyumbani kuisuluhisha familia, azungumze na mtoto faragha kabla ya kikao, na amrudie baada ya kikao.

Mwaka jana nilitoa taarifa juu ya binti wa miaka tisa, jirani yangu, aliyeletwa mjini kwa shangazi yake ili asome. Usiku nilimsikia akilia. Asubuhi nikimuuliza, kimya. Afisa akaja (ofisi yake sitaitaja), akaita kikao. Tulikaa mkekani: shangazi, mumewe, mjomba, balozi na mimi, na mtoto kabanwa kati ya shangazi na ukuta. Afisa alikuwa mtu mpole. Alizungumza na wakubwa karibu saa nzima, habari za malezi na ugumu wa maisha. Kisha akamgeukia mtoto: "Haya mwanangu, una shida yoyote hapa?" Mtoto akamtazama shangazi kwanza. "Sina."

Chai ikaletwa na mahamri. Mtoto akachukua hamri kwa mkono wa kushoto. Shangazi akamkaripia: "Mkono wa kulia! Adabu umeiacha wapi?" Akalirudisha sahanini, asile tena. Sote tuliona utovu wa adabu, na mimi niliyefundisha watoto miaka yote ile nikaona hivyo hivyo. Linaniuma mpaka leo. Faili likafungwa kwa suluhu. Siku kumi baadaye nilimkuta bombani akihangaika na ndoo kwa mkono ule ule wa kushoto. Nikamfunua ushungi. Kiganja cha kulia kilikuwa kimeungua, kitambaa kimegandia kidondani. Alichomwa kabla ya kikao.

Sipingi kufanya kazi na familia nzima. Huku mwambao mtoto ni wa ukoo, na shangazi aliyeelemewa akisaidiwa mapema, mtoto naye hupona. Lakini mkekani kila mtu ana wa kumsemea isipokuwa yeye, na usiku ule ule atalala nyumba ile ile na hao aliowasema. Atathubutu vipi?

Wenzetu wa Uingereza walilipata somo hili kwa msiba. Victoria Climbié, mtoto kutoka Ivory Coast, alikabidhiwa kwa shangazi wa baba yake akasome Ulaya, kama tunavyofanya sisi. Alifariki London Februari 2000 kwa mateso, akiwa na miaka minane. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti yake 2003, ulionyesha kwamba afisa ustawi aliyeshika shauri lake alionana naye mara nne tu, na muda wote ukijumlishwa haukufika nusu saa. Mazungumzo yalikuwa na huyo shangazi, tena mengi yakihusu nyumba ya kuishi.

Sheria yetu haina upungufu hapo. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kazi. Agiza basi, Mheshimiwa, kwamba shauri la mtoto lisifungwe kwa suluhu ya wakubwa kabla afisa hajaandika alichoambiwa na mtoto wakiwa wawili tu, shuleni au hata chini ya mwembe, na kabla hajarudi siku ambayo hakusema kuwa atakuja. Na wapewe nauli ya kurudi. Wengi wao wanatumia ya mfukoni, nimewaona.

Binti yule sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama, Pangani. Kidole cha mwisho hakinyooki. Kalamu anaishika.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu, Ngamiani, Tanga